Arubaini ya Nyonga

Kamati ya kitabu chetu hiki cha mwaka imeniomba niandike kurasa chache juu ya namna nilivyojiuguza nyumbani baada ya kubadilishwa nyonga, na sababu yao naijua. Tangu Oktoba 2023, nilipopasuliwa hapa Portsmouth, nimepigiwa simu kutoka London, Milton Keynes, Maskati, Dubai na Unguja, na kila anayepiga huniuliza yale yale: inauma kiasi gani, unasali vipi, nani anakuogesha, na ngazi unazipandaje. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza khabari za daktari na visu vyake. Nami naona wana haki, maana upasuaji wenyewe ni kazi ya saa moja na kitu, na wenye kazi yao wanaijua. Wiki zinazofuata ndizo kazi ya watu wa nyumbani, na kazi hiyo katika koo zetu bado ni ngeni. Sisi tumezoea kumuuguza mtu kwa kumlaza. Tunamfunika, tunamlisha, tunamwambia asinyanyuke. Mgonjwa wa nyonga anatakiwa anyanyuke, tena siku ile ile aliyopasuliwa au ya pili yake.

Kwanza niseme maradhi yenyewe, lakini kwa ufupi. Wazee wetu waliyaita baridi yabisi, na jina hilo lilikusanya kila kinachouma kuanzia shingoni mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alimaliza miaka yake ya mwisho akijikokota juu ya mkeka kutoka kitandani mpaka uani, na sote tulidhani uzee ndio huo. Leo najua kuwa nyonga ni kama mpira ndani ya kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara, nacho huzunguka ndani ya shimo la mfupa wa kiuno, na baina yao pana gegedu laini. Gegedu hilo likilika, mfupa husagana na mfupa. Hapo hata kuvaa kiatu huwa ni safari.

Nyonga ya kutengenezwa tunayoijua leo ina deni kubwa kwa daktari mmoja wa Kiingereza, John Charnley, aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington, kaskazini ya nchi hii. Husimuliwa kuwa alikuwa na mgonjwa aliyewekewa nyonga ya aina ya zamani, nayo ikawa inalia kila akiinama mezani, mpaka mkewe akawa hapendi kukaa naye chumba kimoja. Charnley akaanza kuchunguza jambo la msuguano. Alijaribu kikombe cha plastiki aina ya tefloni, kikalika upesi, ikabidi wagonjwa wapasuliwe tena. Mwezi wa Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki nyengine iliyo ngumu zaidi, na mpira wa chuma mdogo, na vyote akavishikiza kwa simenti ya akriliki, iliyo jamaa ya ile wanayoitumia madaktari wa meno. Hiyo ndiyo iliyodumu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa nyonga karibu 6 katika kila 10 hufika miaka 25. Nilipomwambia mwanangu hesabu hiyo akacheka, akasema, "Mama, basi hiyo nyonga itakuzika." Nikamjibu, inshallah.

Sasa nije nyumbani.

Nilitolewa hospitali siku ya tatu, na magongo mawili, soksi ndefu za kubana, mfuko wa dawa, na masharti. Masharti hayo kila mwenye nyonga mpya aliyepata kunitembelea anayajua: usiikunje nyonga kupita pembe mraba, yaani goti lisipande juu kuliko kiuno, usipishanishe miguu, usijipinde juu ya mguu uliopasuliwa, na ulale chali. Sababu yake ni kuwa katika wiki za mwanzo nyama na mishipa inayoishika nyonga bado haijapona, na mpira unaweza kuchomoka kikombeni. Hospitali nyengine siku hizi zimelegeza masharti haya, na nyengine zimeyashika, basi kila mtu afuate aliloambiwa na aliyempasua. Mimi niliambiwa wiki sita.

Wiki sita ni siku 42. Nilipoisikia hesabu hiyo nikakumbuka mara moja arubaini ya mzazi, na nyumbani kwangu jina likabaki hilo hilo, tukawa tunasema "arubaini ya nyonga". Hata uji wa pilipili manga niliupata. Lakini mzazi katika arubaini yake hukandwa, huoshwa, hulala, hulishwa, na kazi zote hufanywa na wenziwe. Nyonga haitaki hivyo. Hapo ndipo palipozuka tafauti baina yangu na wanangu.

Mtaalamu mmoja alikuja kabla sijapasuliwa akapima nyumba yangu. Alinipima mimi kwanza, kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, kisha akapima kitanda, kiti, na choo. Karibu kila kitu kilikuwa kifupi. Hapo ndipo nilipotambua kuwa maisha yetu sisi ni maisha ya chini. Tunakaa kwenye mkeka, tunakula kwenye mkeka, tunachambua mchele juu ya kibao, tunachutama. Mbuzi yangu ya kukunia nazi, niliyokuja nayo kutoka Unguja mwaka 1978, iko chini kuliko kifundo cha mguu wa meza. Yule bibi aliitazama akaniuliza ni kitu gani, na nilipomwonyesha namna ya kuikalia akashika kichwa. Akaandika kwenye daftari lake kuwa isikaliwe. Ikapandishwa juu ya kabati, na nazi ikawa ya kopo.

Akaleta kiti cha kuongezea kimo cha choo, chenye mikono ya kushikia. Akaleta kigoda kirefu cha jikoni ambacho mtu hukikalia nusu, kama aliyesimama. Chini ya miguu ya kiti changu cha ukumbini akatia vigogo. Masofa yale mazuri, ya kuzama, aliyoninunulia binti yangu wa Dubai, akayakataza kabisa. Wageni wote walikaa humo, nami nikawa juu yao peke yangu kama hakimu.

Mwanangu mkubwa anakaa Milton Keynes, na nyumba yake ni kubwa, na mkewe ni mtu mwema ambaye sijapata kugombana naye. Tangu babake alipofariki amekuwa akitaka nihamie kwao. Nyonga ikampa sababu. Kabla sijatoka hospitali alikuwa amekishusha kitanda kutoka chumbani kwangu ghorofani na kukiweka ukumbini, ingawa wale wa mazoezi ya viungo walikuwa wamekwisha kunipandisha na kunishusha ngazi za hospitali mara mbili, na kunipitisha. Akanieleza kuwa choo na bafu viko chini, nyuma ya jiko, kama zilivyo nyingi ya nyumba hizi za zamani zilizoshikana, kwa hivyo ghorofani sina haja napo. Hilo lilikuwa neno la maana na nikalikubali kwa mwanzo. Walakini usiku wa pili nilimsikia akizungumza na dada yake kwa simu, kule kwenye ujia. Alidhani nimelala. Nami nilikuwa chali, siruhusiwi hata kugeukia ubavu nijifanye sikusikia, basi nikayasikia yote. Walikuwa wakizungumza bei za nyumba za mtaa huu.

Sikukasirika, wallahi. Mtoto anayefikiri mamake atakaa wapi si mtoto wa kukasirikiwa. Lakini nyumba hii nimeikaa tangu mwaka 1981. Wanangu wote wamekulia humu, na babao alitokea humu kwenda kuzikwa. Kutoka mlangoni kwangu mpaka pwani ya Southsea ni mwendo wa dakika 15 kwa mtu mwenye nyonga mbili nzima, na ukifika unauona upepo ukiyachapa maji, na kisiwa cha Wight ng'ambo, na chombo kile cha hava kikitoka mchangani na kwenda zake Ryde. Si bahari yetu, ina baridi na rangi ya chuma, lakini ni bahari. Milton Keynes hakuna bahari.

Asubuhi nilimwita nikamwambia, "Mwanangu, nipe arubaini yangu. Ikesha, na ngazi zangu zikawa zimenishinda, nitafunga mzigo mwenyewe na nitakufuata wewe." Akanibusu mkono, akasema, "Haya, Mama, kama utakavyo." Lakini niliona kwamba alidhani jawabu anayo tayari.

Kwa hivyo zile siku 42 hazikuwa za kupona tu. Zilikuwa na hesabu yake.

Mtu asidhani ni siku nyepesi. Mguu ulivimba ukawa mzito kama wa mtu mwengine, na nyuma ya paja palikuwa na wekundu na weusi mpaka kwenye goti. Usiku ndio mrefu. Kulala chali kwa mtu aliyelala ubavu miaka 70 ni adhabu, na mto uliowekwa baina ya miguu huwa kama mlinzi asiyesinzia. Dawa kali za maumivu zinaziba tumbo, jambo ambalo watu huona haya kulisema, nami nalisema maana lilinitesa kuliko kidonda. Ukipewa dawa hizo omba na ya kulainisha tangu siku ya kwanza, kunywa maji mengi, na papai likipatikana ule. Baada ya siku kumi niliziacha zile kali nikabaki na parasetamoli. Wiki ya pili nililia siku mbili mfululizo bila ya sababu ninayoijua. Nesi aliyekuja kunitoa nyuzi alinambia kuwa wengi hulia wiki ya pili.

Jambo jengine ambalo ndugu zetu huuliza ni dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu damu ikiganda mguuni inaweza kupanda mpaka mapafuni, na hiyo ndiyo hatari kubwa ya wiki hizi. Wengi hupewa sindano ya tumboni kila siku. Sindano nyingi za namna hiyo ni heparini, na heparini hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Niliuliza mapema, mfamasia akanambia kweli bila ya kuficha, na akanieleza kuwa iko sindano nyengine inayotengenezwa maabara na viko vidonge pia. Nikapewa vidonge, vya siku 35. Wako wanazuoni wanaoijuzisha ile ya kwanza kwa dharura, na kila mtu atamwuliza anayemwamini. Ila aulize kabla ya kulazwa, asingoje kuikataa sindano usiku wa manane. Na kigimbi kikiuma na kuwa kama cha moto, au pumzi ikabana, au kidonda kikatoa maji, hakuna kungoja asubuhi.

Udhu na sala navyo vilitaka mpango. Miguu sikuweza kuifikia, na zile soksi za kubana kuzivua na kuzivaa ni kazi ya watu wawili. Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa akisoma chuo hapa hapa na akahamia kwangu kwa muda, alikuwa akinimiminia maji kwa birika nami nimekaa kwenye kiti changu kirefu, miguu ndani ya karai. Nikajifunza kuutunza udhu kama maskini anavyotunza shilingi. Sala niliisali kwa kiti, rukuu na sijida kwa ishara ya kichwa tu, kwa sababu hata kuinama kutoka kwenye kiti ni kuvunja lile sharti la pembe mraba. Dini imeshatupa ruhusa: asiyeweza kusimama na akae, asiyeweza kukaa na alale ubavu. Dada yangu wa Maskati aliniuliza kwa simu kama roho yangu inaridhika kusali hivyo. Nikamwambia siku ya kwanza haikuridhika, ya tatu ikaridhika.

Sasa nizungumze juu ya kikombe cha chai. Nani angedhani? Mtu mwenye magongo mawili hana mkono. Anaweza kufika jikoni, anaweza kusimama, anaweza kuchemsha maji na kutia majani na maziwa na iliki, lakini hawezi kukichukua kikombe kukipeleka ukumbini. Mwanzo nililetewa. Mkaza mwanangu, alipokuwa hapa wiki ya kwanza, hakuniwacha hata kulitaja jina la chai, alikuwa amekwisha kuileta. Alipoondoka, mjukuu akawa chuoni mpaka jioni, nami nikabaki na chai yangu jikoni na kiti changu ukumbini. Siku ya kwanza niliinywa nimesimama, nimeegemea meza ya jikoni. Siku ya pili nikaitia kwenye chupa ya chai, nikaifunga kifuniko barabara, nikaitia ndani ya mkoba wa ukili wenye kamba ndefu, nikauvaa shingoni. Kikombe kikawa kinaningoja ukumbini. Nilipokaa na kumimina, ile chai sijapata kunywa tena mfano wake. Simu ikalia, alikuwa mwanangu, akaniuliza nani amenipa chai.

Jikoni ndipo pia palipokuwa skuli yangu. Mazoezi yalikuwa mara nne kwa siku: kitandani kuvutavuta nyayo, kukaza mapaja, kuuburura mguu juu na chini, na wima, kuishika meza ya jikoni na kuutoa mguu kando, kisha nyuma, mara kumi kumi. Bibi wa mazoezi aliyekuja nyumbani alikuwa Mwelsh, mdogo wa umbo, mkali. Alinifundisha sheria ya ngazi, ambayo kwao husemwa kuwa mguu mzima ni wa kwenda peponi na mgonjwa wa kwenda motoni, maana ukipanda hutangulia mzima, ukishuka hutangulia mgonjwa na gongo lake. Nilizicheka maneno hayo, lakini sijazisahau, na hata leo nikishuka hujisemea kimoyomoyo, "motoni".

Na wageni! Hapa itabidi nikae kidogo. Sisi hatuna ada nzuri kuliko ya kumjulia mtu hali, na siku hizo nilipata wageni mpaka kutoka Cardiff. Walikuja na sambusa, na mikate ya kumimina, na halwa ya Kiomani sinia zima. Walikuja saa 4 asubuhi wakaondoka baada ya magharibi. Mgeni akiwako huwezi kumwambia ningoje nikarushe mguu jikoni. Unakaa naye, na kukaa ndiko kunakokaza nyonga na kuvimbisha mguu. Wengine, kwa mapenzi, walinivuta mikono nilipotaka kusimama, jambo lililokatazwa kabisa, maana mtu hutakiwa ajisukume mwenyewe kwa mikono ya kiti. Kila nikitikisika, watu watatu husema kwa pamoja, "Kaa, kaa, usijisumbue!" Shoga yangu wa tangu skuli alikuja na chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thaumu, akapandisha mikono ya baibui tayari kunichua mguu. Nikamkataza. Niliambiwa kidonda kisiguswe na mafuta, na mguu usichuliwe kwa khatari ile ile ya damu. Akanuna. Nikamwambia, "Shoga, mguu una mwenyewe, lakini mabega yangu yamekufa kwa haya magongo." Akanichua mabega kwa nusu saa, na mafuta yakapata kazi, na sote tukafurahi.

Mjukuu ndiye aliyeanza kutengeneza mambo. Aliandika karatasi akaibandika mlangoni, kuwa Bibi yuko darasani saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni, na wageni wanakaribishwa baina ya saa hizo. Wako waliosema si adabu. Mmoja alisema maneno mazito kidogo kwenye simu za watu, nami namsamehe. Lakini kilichofanya kazi hasa hakikuwa karatasi. Kilikuwa ada yetu wenyewe, ya kumsindikiza mgeni.

Ilianza wiki ya pili. Mgeni alipoaga nilinyanyuka, nikamwambia nitakusindikiza. Akapiga kelele, nikasema mimi sijapata kumwacha mgeni aondoke peke yake, na siwezi kuanza leo. Nikamfikisha mlangoni. Mgeni wa pili nikamfikisha kwenye kilango cha nje, wa jioni tena mlangoni. Kwa hivyo wageni sita walikuwa safari sita. Nikamweleza yule bibi wa Kiwelsh, akasema hilo ni bora kuliko karatasi zake zote, mwendo mfupi, mara nyingi kwa siku, kisha kupumzika. Wiki ya tatu nilikuwa nafika kwenye nguzo ya taa. Ya nne, nikafika kwenye sanduku la posta, kwa gongo moja, mgeni kando yangu akibeba mkoba wangu. Watu wakaizoea. Ikawa mgeni akiaga husema mwenyewe, "Haya, nisindikize."

Wiki ya tano, Jumamosi, nilimsindikiza shoga yangu yule yule wa mafuta mpaka kituo cha basi. Hewa ilikuwa baridi lakini kavu. Tulikaa kidogo, yaani yeye alikaa, mimi nilisimama, kwa sababu benchi la kituo ni fupi. Tulikuwa tukizungumza mambo ya zamani na kucheka kwa sauti, nikasikia honi. Mwanangu alikuwa amekuja kutoka Milton Keynes bila ya kuniarifu, na kwenye gari kulikuwa na maboksi matupu yaliyokunjwa. Aliteremka akanitazama mimi, akayatazama yale magongo, moja tu mkononi na jengine halipo, akamwamkia shoga yangu shikamoo. Nikamwambia, "Karibu. Nenda nyumbani ukatie maji ya chai, mimi naja kwa miguu." Akaondoka kwa gari polepole sana, nyuma yangu, kama gari la harusi. Maboksi hayakutolewa garini, wala sikuuliza yalikuwa ya nini.

Arubaini ilipokwisha nilikwenda kuonana na daktari. Alinitazama nikitembea, akanichezesha mguu, akanambia naweza kulala ubavu nikipenda, na kuendesha gari nikiwa na uwezo wa kukanyaga breki kwa nguvu bila ya maumivu, na niiarifu bima. Nikarudi nyumbani. Mwanangu alikuwapo, na nduguye mdogo, na mjukuu. Ngazi zangu ni 13. Nilizipanda mguu mmoja mmoja kama nilivyofundishwa, peponi, peponi, mkono kwenye ubao wa kushikia, na gongo. Nilifika juu nikitweta, sitaki kudanganya, na nikakaa kwenye kiti kilichoko juu dakika tano nzima. Chumba kilikuwa kitupu, kina vumbi pale kilipokuwa kitanda. Nikawaita kwa sauti, nikawaambia wakilete. Walikipandisha wote wawili, wakikwama pale kwenye kona kama walivyokwama waliokipandisha mwaka 1981, na kukwaruza ukuta mahali pale pale.

Juu ya nyumba hatujazungumza tena tangu siku hiyo. Najua mazungumzo hayo yatarudi. Nyonga ya kushoto nayo imeanza kulia lia wakati wa baridi.

Bado nasali kwa kiti. Mbuzi bado iko juu ya kabati, mjukuu ndiye anayeiteremsha na kukuna akija likizo, nami namsimamia. Kufika pwani nilifika wiki ya tisa, kwa mkongojo, na nikarudi kwa basi.

Vifaa vya kukopa, yaani kiti cha choo, kigoda na vigogo, tumekwisha kuvirudisha. Vilivyo vyangu, nilivyonunua kwa pesa yangu, ni koleo refu la kuokotea, kijiko kirefu cha kuvalia viatu, na kile kidude cha kuvutia soksi. Vipo chini ya ngazi, ndani ya mkoba wa ukili. Dada yangu wa Maskati amepangiwa kupasuliwa, na mwanawe atapita hapa kuvichukua. Akisha kupona atavirudisha, na baada yake ni zamu ya aliye mbele kwenye orodha, na orodha iko kwa mjukuu wangu. Mkoba nautaka mwenyewe.